Leonard na Wapinzani Wake: Bondia Anavyojifunza Kubadilika

Usiku wa tarehe 20 Juni 1980, jijini Montreal, Sugar Ray Leonard alikuwa na kila sababu ya kutumia miguu. Alikuwa mwepesi kuliko Roberto Durán, mikono yake ilikuwa mirefu zaidi, na umri ulikuwa upande wake: yeye miaka 24, Durán 29. Jiji lenyewe lilikwisha kumpenda, kwa kuwa ndiko alikotwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1976 kwa kumshinda Mkuba Andrés Aldama. Lakini kengele ilipolia, Leonard hakuzunguka. Alisimama, akapigana kifua kwa kifua na mtu ambaye hakuna alichokitaka zaidi ya mpinzani anayesimama.

Akashindwa. Raundi 15, majaji watatu, na wote watatu wakampa Durán kwa tofauti ya pointi moja au mbili tu. Mkanda wa dunia wa uzito wa welter wa WBC, ambao Leonard aliutwaa miezi saba nyuma kutoka kwa Wilfred Benítez, ukaenda Panama.

Wengi walisema Leonard alipigana kijinga. Ni kweli kwamba Durán alimchokoza siku nyingi kabla ya pambano, akamtukana yeye na mkewe hadharani, na Leonard akapanda ulingoni akiwa na hasira. Lakini jambo moja halikusemwa vya kutosha: bondia aliyekuwa na sifa ya kucheza na kukwepa alikaa raundi 15 ndani ya nyumba ya Durán, mahali ambapo mabondia wengi hawakumaliza, akakosa ushindi kwa pointi chache. Aliingia humo kwa hasira, akatoka na elimu. Mapambano yake yaliyofuata hayaeleweki bila usiku huo.

Ili kuona ni elimu gani, ni lazima kwanza Durán aelezwe vizuri. Jina lake la ulingoni lilikuwa Mikono ya Mawe, na jina hilo limewadanganya watu wengi. Alizaliwa mwaka 1951 na kukulia El Chorrillo, mtaa wa maskini katika Jiji la Panama, na mwaka 1972 alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito mwepesi kwa kumpiga Mskoti Ken Buchanan ndani ya Madison Square Garden, New York. Alikuwa na ngumi nzito, hilo halina ubishi. Ila wazee wawili waliomfundisha, Ray Arcel na Freddie Brown, walimwongezea ufundi ambao jicho la haraka halikuuona. Kichwa chake hakikukaa mahali pamoja. Ngumi ilimpita sikioni, naye papo hapo akawa amekwisha ingia ndani, bega lake limeegemea mkono wa mpinzani, paji lake liko chini ya kidevu cha mwenzake, mikono yake iko huru na ya mwenzake imebanwa. Wapinzani walidhani wanapigwa na mtu mkali, kumbe walikuwa wanapigwa na mtu anayejua vipimo.

Na vipimo ndivyo vinavyotenganisha mitindo ya ngumi. Yupo bondia wa mbali, anayetegemea jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, na miguu ya kumtoa hatarini. Yupo wa umbali wa kati, anayengoja mwenzake arushe ili ajibu. Na yupo wa karibu, anayekula mbavu na kuachia ngumi za kupinda. Kila mmoja ana umbali anaouita wake, na karibu kila pambano ni ugomvi wa nani atampeleka mwenzake asikokuzoea. Bondia anayeitwa mwenye mitindo mingi ni yule mwenye makazi katika umbali zaidi ya mmoja, tena anayejua kuhama bila kupigwa akiwa njiani. Kuhama ndiko kugumu. Mguu unapobadilisha kazi, mwili huwa wazi kwa muda mfupi, na mpinzani mzuri hungojea muda huo huo.

Marudiano yalikuja upesi. Tarehe 25 Novemba 1980, ndani ya Superdome, New Orleans, Leonard alikuwa mtu mwingine. Alizunguka kushoto, akazunguka kulia, akasimama ghafla na kurusha ngumi tatu nne, kisha akaondoka kabla Durán hajapata pa kuegemea. Alipobanwa kwenye kamba hakukaa kama alivyokaa Montreal. Alizungusha mwili akatokea upande wa pili. Katika raundi ya 7 akaanza kumkejeli. Aliuzungusha mkono wa kulia kwa madoido kama anayetaka kupiga ngumi kubwa, Durán akautazama, na jebu la kushoto likamfika usoni. Katika raundi ya 8 Durán aligeuka, akapunga mkono kwa mwamuzi, akaacha kupigana.

Aibu ile imemfuata Durán maisha yote, na imewafanya watu waone kichekesho tu katika pambano lile. Yafaa kukumbuka kwamba hadi hapo, kwenye karatasi za majaji wote watatu, Leonard alikuwa mbele kwa pointi moja au mbili tu. Hakuwa amemponda mtu. Alichofanya ni kumnyima umbali wake kwa dakika zaidi ya ishirini, na bondia wa aina ya Durán akinyimwa umbali huanza kupoteza subira. Tena Leonard hakukimbia tu. Kila mara alisimama na kupigana kidogo, kwa sababu Montreal ilikwisha kumfundisha kwamba hata humo ndani angeweza kuishi. Mwenye hofu ya kukaribiwa huzunguka kwa pupa na kuchoka. Asiye na hofu hiyo huzunguka kwa mahesabu.

Pambano la Juni 1981 lina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Leonard alipanda uzito hadi kilo 69.8 kumkabili Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa WBA, ambaye alikuwa hajapoteza pambano hata moja katika ngumi za kulipwa. Kalule hakutokea gizani. Mwaka 1974 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, kisha mwaka huo huo akatwaa dhahabu nyingine Havana, katika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa. Baadaye alihamia Denmark, na mwaka 1979 akaenda Japani kumnyang'anya Masashi Kudo ubingwa.

Kalule alikuwa mashoto, na mashoto huvuruga kila kitu. Hutanguliza mguu wa kulia na mkono wa kulia, kwa hiyo mguu wake wa mbele hugongana na wa mpinzani, jebu hukutana na jebu, na ngumi ambazo bondia wa kawaida amezirusha maelfu ya mara mazoezini hukosa njia. Dawa yake inafahamika katika kila ukumbi wa ngumi: uweke mguu wako wa mbele nje ya mguu wake, na utumie mkono wa kulia wa moja kwa moja. Kuitumia mbele ya bingwa mwenye mwili mkubwa kuliko wako ni jambo jingine. Huko Houston Kalule alipigana kiume, akamsukuma Leonard, akamlazimisha kufanya kazi kila raundi. Mwisho ulikuja mwishoni mwa raundi ya 9, kwa mfululizo wa ngumi uliomwangusha Mganda huyo. Aliinuka, lakini mwamuzi akalimaliza pambano.

Usiku huo huo, katika ukumbi huo huo, Thomas Hearns naye alipigana na kushinda. Alikuwa ndiye anayefuata.

Hearns alitoka Detroit, katika ukumbi wa Kronk wa kocha Emanuel Steward. Alikuwa na urefu wa sentimita 185, mwembamba, mikono mirefu isiyo ya kawaida kwa mtu wa uzito wa welter. Alikuwa ameshinda mapambano 32, na 30 kati ya hayo yaliisha kabla ya majaji kuhitajika. Kila mtu alijua pambano lingekwendaje: Hearns mpigaji angemwinda Leonard mchezaji, na swali lilikuwa kama angemfikia.

Kwa raundi tano, tarehe 16 Septemba 1981, katika ulingo wa nje wa Caesars Palace, Las Vegas, mambo yalikwenda hivyo hivyo. Joto la taa lilikuwa kali mno. Leonard alizunguka nje ya mikono ya Hearns, na jebu lile refu likawa linamfikia hata huko alikodhani yuko salama. Jicho la kushoto likaanza kuvimba. Kisha raundi ya 6 ikapindua kila kitu. Leonard aliingia ndani, ngumi ya kushoto ya kupinda ikampata Hearns, na mtu aliyekuwa akiwinda akaanza kuyumba. Raundi ya 7 ilikuwa mbaya zaidi kwake. Waliokuwa wakitazama waliamini mwisho umefika.

Haukufika, na hapa ndipo penye somo adimu katika historia ya mchezo huu. Hearns alipona, kisha akaanza kuzunguka. Mpigaji akageuka mchezaji. Kuanzia raundi ya 8 hadi ya 12 alikwenda kwa miguu, akirusha jebu na kuondoka, na Leonard, bingwa wa miguu, akawa ndiye anayefukuzia. Wawili hao walibadilishana kazi mbele ya macho ya dunia, na kwa raundi hizo Hearns alikuwa bora.

Alikipata wapi kipaji hicho? Hakukizua usiku ule. Enzi za ridhaa Hearns hakujulikana kwa kuangusha watu. Alikuwa bondia wa jebu na pointi, kijana mwembamba aliyeshinda kwa urefu wake. Steward ndiye aliyemtengenezea mkono wa kulia baadaye. Kwa hiyo alipoumizwa, alirudi kwenye tabaka la chini, kwa ujuzi wa zamani uliokuwa bado mzima. Jambo hili hujirudia kwa mabondia wengi: mtindo wa pili anaouonyesha mtu saa ya shida kwa kawaida ndio uliokuwa wa kwanza, na kocha aliyeufukia chini ya mtindo mpya bila kuuua alimfanyia mwanafunzi wake hisani kubwa.

Baada ya raundi 13 karatasi za majaji wote zilionyesha Hearns anaongoza, mmoja wao akimpa nafasi ya pointi nne. Na kabla ya raundi hiyo ya 13 kuanza, Angelo Dundee, kocha aliyekaa miaka mingi kwenye kona ya Muhammad Ali, alikuwa amemwambia Leonard bila kumung'unya kwamba pambano linamponyoka. Jicho lilikuwa karibu kufunga. Leonard akaenda mbele. Mtu mwenye jicho moja ana shida ya kupima masafa akiwa mbali, na pengine hilo nalo lilimsukuma karibu, ambako ngumi hutafutwa kwa mwili zaidi ya macho. Alimpata Hearns kwa mkono wa kulia, akamfuata hadi kwenye kamba, akamtoa nje ya kamba zenyewe. Katika raundi ya 14 mwamuzi Davey Pearl akasimamisha pambano.

Hearns alikuwa na mitindo miwili mizuri, na yote miwili ilimpa uongozi. Kilichomkosesha ushindi ni kitu kidogo kisichosifiwa: hakujua kukumbatia. Bondia aliyeumizwa anatakiwa kufunga mikono ya mwenzake, kuegemea, kupoteza sekunde kumi hadi kichwa kitulie. Durán aliijua kazi hiyo. Leonard aliijua. Hearns, akiwa na miguu iliyolegea na mikono mirefu, alibaki amesimama wima akipokea. Ufundi wa katikati, wa kuvuka kutoka hali moja hadi nyingine, ndio uliokosekana.

Mfano wa nne katika kizazi hicho ni Marvin Hagler wa Brockton, Massachusetts, bingwa wa uzito wa kati tangu Septemba 1980 alipompiga Alan Minter jijini London. Hagler alikuwa mashoto aliyeweza kugeuka na kupigana kwa mkono wa kulia katikati ya raundi, na si kwa maonyesho. Alipobadili miguu, ngumi iliyokuwa ya nyuma ikawa ya mbele, na mpinzani akalazimika kuanza hesabu upya. Mwaka 1983 alikutana na Durán, aliyekuwa amepanda kutoka kilo 61 hadi 72. Baada ya raundi 13 majaji wawili walikuwa wamempa Durán uongozi wa pointi moja na wa tatu aliwaona sawa. Hagler alizitwaa raundi mbili za mwisho na kubaki na ubingwa. Aprili 1985 alikutana na Hearns, akaachana na ufundi wote, akaingia kwa nguvu tangu kengele ya kwanza, akachanika pajini, na akammaliza katika raundi ya 3. Alijua kwamba kumwacha Hearns mbali ni kumpa pambano.

Machi 1986 ikawa zamu ya Mganda mwingine, John Mugabi. Huyu alipata medali ya fedha Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akishindwa fainali na Aldama yule yule aliyeshindwa na Leonard Montreal. Katika ngumi za kulipwa kila ushindi wake ulikuwa umetokana na kumsimamisha mpinzani kabla ya muda kwisha. Alimpiga Hagler kwa ngumi ambazo wengine wasingezibeba, na sifa hiyo anastahili kupewa hadi leo. Lakini Hagler alipozibeba, Mugabi hakuwa na la pili la kufanya. Raundi za katikati zikamchosha, na raundi ya 11 ikamwangusha. Mtu ambaye wapinzani wote huanguka mbele yake hakosi kipaji; hukosa sababu ya kujifunza kitu kingine, na watu wake wa karibu wasipomlazimisha kujifunza, atakuja kulipa siku moja mbele ya mtu asiyeanguka.

Leonard, aliyepata maradhi ya retina mwaka 1982 na kupigana mara moja tu katika miaka mitano, alirudi tarehe 6 Aprili 1987 kumkabili Hagler. Kabla ya kupanda ulingoni upande wake ulikwisha kupata ulichotaka: raundi 12 badala ya 15, na ulingo mpana. Kila sharti lilikuwa la kulinda miguu yake.

Hagler alianza pambano hilo kwa msimamo wa mkono wa kulia. Bado ni uamuzi mgumu kuuelewa. Leonard, aliyekuwa nje ya ulingo muda mrefu na aliyehitaji raundi za kuzoea, alipewa raundi hizo bure na mtu ambaye msimamo wake wa mashoto ulikuwa umetesa kizazi kizima. Hagler aliporudi kwenye mkono wake alianza kumfikia, na katika raundi ya 5 alimtikisa. Leonard akawa anajibu kwa vipindi vifupi vya ngumi nyingi, hasa sekunde za mwisho za raundi, ili majaji wakae na picha hiyo vichwani. Jaji mmoja alimpa Hagler 115-113, wa pili akampa Leonard 115-113, na wa tatu akampa Leonard 118-110, hesabu ambayo haikubaliki kwa jicho lolote la haki.

Wapenzi wa ngumi wanabishana hadi leo. Ubishi juu ya raundi za mwisho ni halali, lakini pambano lilipotea mwanzoni. Hagler alikuwa na silaha mbili, akachagua ile dhaifu kwa wakati ambao Leonard hakuwa na jibu kwa ile kali. Uwezo wa kubadilika ulimgeuka. Hakupigana tena, alihamia Italia, akaigiza filamu, na kufariki Machi 2021.

Yupo aliyebaki, na huenda ndiye aliyewapita wote kwa uwezo wa kubadilika. Juni 1984 Hearns alimwangusha Durán katika raundi ya 2, akamwacha uso chini. Watu wakamzika. Miaka minne baadaye Hearns naye akaangushwa na Iran Barkley wa Bronx, mtu wa sentimita 185 na ngumi nzito, aliyetwaa ubingwa wa uzito wa kati wa WBC. Na tarehe 24 Februari 1989, huko Atlantic City, Durán akamkabili Barkley huyo, akiwa na miaka 37, mfupi kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita 12, na bila kasi ya ujana.

Alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na akamwangusha Barkley katika raundi ya 11. Hakumkimbilia kama alivyomkimbilia Buchanan mwaka 1972, wala hakusukumana naye kama Montreal. Alisimama katika umbali wa kati ambao vijana wengi huuogopa, akaacha ngumi zimpite kwa upana wa kidole, akajibu kwa mkono wa kulia, akapumzika akiwa ameegemea kifua cha Barkley, akaanza upya. Nguvu zilikuwa zimekwisha na vipimo vilikuwa vimebaki.

Filamu za mapambano haya zinapatikana kwa urahisi leo, hata kwenye simu. Makocha wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaofundisha vijana kurusha ngumi kali wawakalishe jioni moja mbele ya pambano la Durán na Barkley, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na wawaombe waache mikono na watazame miguu ya Durán peke yake. Kisha wawaonyeshe Hearns katika raundi ya 13 ya mwaka 1981, na waanze kuwafundisha kukumbatia.